Maseri ya maji: uchague nyota zinazozeeka au nyota changa?

Molekuli za maji zikikaa ndani ya gesi yenye joto la mamia ya digrii na msongamano unaofaa, hutoa mawimbi ya redio ya gigahezi 22.235, yenye urefu wa sentimita 1.35. Mahali pachache angani mawimbi hayo hujikuza yanapopita katika gesi hiyo, yakatoka makali kupita kiasi. Hayo ndiyo maseri ya maji. Yanapatikana hasa sehemu mbili zisizofanana: kandokando ya nyota zinazozeeka na kumwaga gesi yao, na ndani ya mawingu mazito ambamo nyota changa zinazaliwa.

Mwanafunzi wa fizikia hapa Uganda anayetaka kuandika tasnifu juu ya maseri haya hana budi kuchagua upande mapema, kwa sababu njia za kazi zinatengana tangu wiki za kwanza. Wengi huchagua kwa mvuto. Nyota inayozaliwa inavutia kuliko nyota inayokufa, hilo halina ubishi. Mimi ningeuliza mambo mengine mawili kwanza: una muda gani, na data utaipata wapi?

Historia yenyewe ilianzia kwa nyota changa. Mwaka 1969 kundi lililokuwa na Charles Townes, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel ya 1964 kwa kazi iliyozaa maseri ya maabara na leza, liliyakuta mawimbi haya kwenye Orioni, Sagittarius B2 na W49, mawingu ambamo nyota zinazaliwa. Walitumia dishi la mita 6 huko Hat Creek, California. Mita 6 tu. Nitaeleza mbele kwa nini namba hiyo ina maana kwetu. Nyota kongwe ziliongezwa kwenye orodha muda si mrefu baadaye.

Nyota kongwe: kazi yenye ratiba

Nyota ya aina ya Jua ikimaliza haidrojeni ya kiini chake huvimba ikawa jitu jekundu, na katika hatua za mwisho hupanuka na kusinyaa kwa vipindi vya miezi kadhaa hadi zaidi ya mwaka. Kila mpigo husukuma gesi nje. Gesi ikipoa, chembe za vumbi hujiunda ndani yake, mwanga wa nyota hulisukuma vumbi hilo, na vumbi hukokota gesi yote kwenda nje kwa kasi ambayo mara nyingi ni kilomita 10 hadi 20 kwa sekunde.

Ndani ya upepo huo maseri hujipanga kwa tabaka. Karibu kabisa na nyota kuna ya silikoni monoksaidi, kwenye gigahezi 43. Yanafuata ya maji. Mbali zaidi ni ya haidroksili, kwenye megahezi 1612. Ukipima yote matatu unakuwa kama mtu anayefunua majani ya ndizi yaliyofunika matoke jikoni: kila jani unalotoa linakupeleka kwenye joto la ndani zaidi. Korea Kusini wamejenga mtandao wa madishi unaopokea gigahezi 22 na 43 kwa wakati mmoja, na hiyo ni zawadi kwa watu wa nyota kongwe, maana unalinganisha tabaka mbili bila kujiuliza kama nyota ilibadilika kati ya kipimo kimoja na kingine.

Uzuri mkubwa wa upande huu ni kwamba nyota yenyewe inaonekana. W Hydrae, iliyo umbali wa miaka ya nuru 320 hivi, ina kipindi cha siku kama 390, na inapong'aa sana unaiona kwa darubini ndogo ya mkononi. U Orionis ina kipindi cha siku 368. Mwangaza wa nyota hizi umepimwa na wapenzi wa anga kwa miongo mingi. Chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika, AAVSO, kilianza mwaka 1911 na kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote. Kwa hiyo unaweza kuchora mstari wa mwangaza wa kawaida na mstari wa maseri kwenye karatasi moja na kupima maseri yanachelewa kiasi gani nyuma ya nyota. Ucheleweshaji huo unakueleza jinsi mshtuko unavyosafiri kutoka kwenye uso wa nyota. Ni fizikia safi, na mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anaiweza.

Tena sisi tumekaa vizuri. Ukiwa Mbarara, W Hydrae inapanda hadi nyuzi zaidi ya 60 juu ya upeo wa macho, U Orionis karibu 70. Tatizo ni mvua. W Hydrae iko juu usiku kuanzia Aprili, katikati ya masika, kwa hiyo mtu wa darubini ya mkononi asubiri Juni na Julai. U Orionis inafaa zaidi, kwani Desemba hadi Februari ni kiangazi chetu. Lakini ina mtego wake: siku 368 ni karibu sawa na mwaka, hivyo sehemu ileile ya mzunguko huangukia majira yaleyale mwaka baada ya mwaka, na sehemu fulani hujificha nyuma ya Jua kila mara. Redio haisumbuki sana na hilo, maana dishi hufanya kazi hata mchana.

Sasa ubaya. Uzamili wa miaka miwili hauzidi mizunguko miwili ya nyota kama hizi, na mzunguko mmoja haufanani na mwingine. Kuna nyota ambazo maseri yake ya maji hunyamaza kwa muda mrefu kisha yakarudi bila taarifa. Ukitegemea vipimo vyako pekee utabaki na nukta chache na maelezo mengi. Dawa ni kumbukumbu za zamani: dishi la mita 32 la Medicina, Italia, limefuatilia maseri ya maji tangu 1987, na lile la mita 22 la Pushchino, Urusi, limefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Tasnifu nzuri juu ya nyota kongwe ni ya mtu aliyekubali kusoma vipimo vya watu wengine kwa uvumilivu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: nyota hizi zinaisumbua hata setilaiti ya Gaia katika kupima umbali. Jitu jekundu linaweza kuonekana pana kuliko paralaksi yake yenyewe, yaani kule kusogea kudogo kwa nyota angani Dunia inapolizunguka Jua, ambako ndiko kunakotoa umbali, na uso wake una madoa yanayohamahama, hivyo kitovu cha mwanga kinayumba. Maseri hayana shida hiyo. VY Canis Majoris, moja ya nyota kubwa zinazojulikana, ilikuwa ikihesabiwa kuwa umbali wa miaka ya nuru karibu 4,900. Mtandao wa Japani uitwao VERA, kwa kufuatilia nukta za maseri ya maji, uliishusha mwaka 2008 hadi takriban 3,700, na vipimo vya Marekani vya 2012 vikakaribiana na hapo. Nyota ikisogea karibu hivyo, mwangaza wake halisi unapungua kwa zaidi ya theluthi moja, na hesabu zote za ukubwa na uzito wake zinaandikwa upya.

Nyota changa: habari moto, ratiba hakuna

Huku hakuna cha kuona kwa macho. Nyota nzito inazaliwa ndani ya wingu lenye vumbi zito kiasi kwamba mwanga wa kawaida hautoki kabisa. Redio na mawimbi ya infraredi ndivyo vinavyopenya. Maseri ya maji huzuka pale jeti za gesi zinazorushwa na nyota changa zinapogonga gesi tulivu inayoizunguka, yaani kwenye mishtuko. Ndiyo maana spektra zake, yaani michoro ya nguvu ya mawimbi kwa kila kasi ya gesi, hazina utaratibu. Kwa nyota kongwe unatarajia vilele vichache ndani ya makumi machache ya kilomita kwa sekunde. W49N, chanzo chenye nguvu kuliko vyote vya aina hii katika galaksi yetu, ina vilele vilivyotawanyika kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, na vingine hubadilika ndani ya wiki chache.

Orioni ndiyo mfano wa kushangaza zaidi. Kati ya 1979 na 1985 mstari mmoja mwembamba wa maseri yake ulipanda ukapita janski milioni moja (janski ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio yanayotufikia kutoka angani), kisha ukashuka. Ukalipuka tena mwaka 1998, na tena mwaka 2011. Hakuna aliyeweza kutabiri tarehe. Mwanafunzi aliyekuwa na dishi zuri wakati ule alipata tasnifu kwa bahati. Aliyeanza mwaka mmoja baadaye alikuta mkia tu.

Bara letu lina hadithi yake katika jambo hili, na naona haisimuliwi vya kutosha. Mwaka 2015 dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, lilinasa mlipuko wa maseri ya methanoli, haidroksili na maji kwenye NGC 6334I, wingu lililo umbali wa miaka ya nuru 4,200 hivi. Dishi hilo lilijengwa mwaka 1961 kwa ajili ya NASA, kufuatilia vyombo vya anga, likageuzwa kuwa la astronomia mwaka 1975. Vipimo vya mawimbi yenye urefu wa milimita vilionyesha kwamba vumbi la kitovu kimoja cha wingu hilo lilikuwa limeng'aa karibu mara nne kuliko miaka iliyotangulia. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba nyota changa ilimeza donge kubwa la gesi kwa mkupuo. Kwa hiyo nyota nzito hazikui polepole tu kwa mwendo mmoja. Hukua kwa vipindi vya ulafi. Baada ya hapo waangalizi wa nchi mbalimbali waliunda mtandao wa kupeana taarifa za milipuko, na 2019 ulipotokea mwingine kwenye G358.93-0.03, madishi ya mabara kadhaa yaligeuzwa upesi.

Upande huu pia ndio uliochora ramani ya galaksi yetu. Kwa kupima paralaksi za maseri ya maji na methanoli yapatayo 200, mradi wa BeSSeL pamoja na VERA ulifikia mwaka 2019 umbali wa miaka ya nuru 26,600 hivi kutoka Jua hadi kitovu cha galaksi, na kasi ya mzunguko wa kilomita 236 kwa sekunde. Orioni yenyewe, ambayo vitabu vya zamani viliiweka miaka ya nuru 1,500 au zaidi, ilisogezwa hadi karibu 1,360.

Gharama ya yote hayo ni kwamba hufanyi kazi peke yako. Milipuko inahitaji mtandao wa watu wanaoamka usiku mmoja katika nchi tano. Vipimo vya paralaksi vinahitaji madishi yaliyotawanyika maelfu ya kilomita, na kusafisha data yake ni ufundi unaochukua mwaka kuujua kama hukai jirani na anayeujua. Mwanafunzi anayeingia humo kutoka Uganda hupewa kipande kidogo cha kazi kubwa. Si vibaya, ila ujue hivyo kabla ya kutia saini.

Vifaa, ambavyo ndivyo vinavyoamua

Hapa ndipo nawaona wanafunzi wengi wakidanganyika. Wanasikia MeerKAT, mtandao wa madishi wa Afrika Kusini, wanasikia SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, wanadhani maseri ya maji yamo. Hayamo. Madishi 64 ya MeerKAT yanaishia gigahezi 3.5, na vipokezi vilivyopangwa kwa madishi ya SKA ya Afrika Kusini vinaishia karibu gigahezi 15. Maji yako 22. Ukitaka kupanda gari la SKA na bado ubaki kwenye maseri, badili molekuli: methanoli ya gigahezi 6.7 na 12.2 kwa nyota changa, haidroksili ya megahezi 1612 kwa nyota kongwe. Methanoli ina faida ya ziada, kwamba ile ya 6.7 haijapatikana ila kwenye nyota nzito zinazozaliwa, hivyo huhangaiki kujiuliza unaangalia kitu gani. Maji hayana adabu hiyo. Yako kwa nyota nzito, kwa nyota ndogo kama zilizomo kwenye IRAS 16293-2422, na kwa wazee.

Ghana ilionyesha njia mwaka 2017 ilipozindua dishi la mita 32 la Kuntunse, lililokuwa la mawasiliano ya setilaiti. Lilinasa methanoli ya 6.7 mapema kabisa, kwa sababu madishi ya simu za kimataifa yalitengenezwa kwa masafa ya jirani na hapo. Ghana, kama Kenya na Zambia, imo kati ya nchi nane washirika wa SKA barani, Uganda haimo. Hatuna dishi la namna hiyo linalofanya astronomia, kwa hiyo tusijenge tasnifu juu ya ndoto yake.

Kinachobaki ni hifadhi za data, na hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vya VLA ya New Mexico, yenye madishi 27 ya mita 25, huwa wazi kwa kawaida baada ya miezi 12, na programu ya CASA ya kuvichakata ni ya bure. Shida yetu ni bando na umeme. Faili moja linaweza kuwa makumi ya gigabaiti, na likikatikia njiani saa nane usiku utaanza upya. Omba chuo kikupakulie, au tafuta data iliyokwisha kusafishwa. Kwa hili nyota kongwe zina nafuu: spektra za dishi moja ni faili ndogo, mamia yake yanaingia kwenye simu. Picha za nyota changa kutoka madishi mengi ndizo zinazokula diski.

Na dishi letu wenyewe? Wale wa 1969 walitumia mita 6 tu, na hesabu inasema hata dogo zaidi linawezekana, kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwenye redio nguvu ya mawimbi na ya kelele hupimwa kama joto, kwa kelvini: dishi la mita 3 lenye ufanisi wa nusu hutoa kama milikelvini 1.3 kwa kila janski. Chanzo cha janski 5,000, kiwango ambacho W49N hukifikia na kukipita, kitatoa zaidi ya kelvini 6. Kipokezi chenye kelele ya kelvini 300, kikisikiliza dakika moja kwa chaneli za kilohezi 10, kina mtetemo wa kelele wa kelvini 0.4 hivi. Kilele kitajitokeza waziwazi. Sasa chukua nyota kongwe ya kawaida ya janski 50: utahitaji saa moja ili mtetemo ushuke hadi 0.05, nacho kilele chenyewe ni 0.06. Huoni kitu. Zile za karibu zenye mamia ya janski ndizo utakazoziona, ukipata siku nzuri.

Siku nzuri si neno la mapambo hapa. Mvuke wa maji wa hewa yetu unafyonza mawimbi kwa mstari huohuo wa gigahezi 22. Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, ni mahali pabaya. Kabale, mita kama 2,000 juu ya bahari, ni afadhali. Na usinunue lile dishi la zamani la wavu lililokaa juu ya paa la jirani. Kwa wimbi la milimita 13.5 uso unatakiwa kuwa sahihi chini ya milimita moja. Tafuta la bati zima lisilobonyea.

Ningechagua nini

Kwa uzamili, nyota kongwe. Chukua nyota tatu au nne zenye kumbukumbu ndefu, ulinganishe mwangaza na maseri, na utamaliza kwa wakati hata kama anga halikukupa tukio lolote. Kwa uzamivu wenye msimamizi aliyeko ndani ya mtandao wa wafuatiliaji, nyota changa, bila kusita, kwa sababu maswali makubwa yako huko na miaka minne inatosha kusubiri mlipuko. Anayetaka kujenga dishi na wanafunzi wa shahada ya kwanza, Kyambogo au Gulu au popote, aelekeze W49N na Orioni kwanza. Nyota kongwe zitamkatisha tamaa. Na kama msimamizi uliyempata ni mtaalamu wa upande mmoja tu, sahau yote niliyosema na umfuate yeye. Mada isiyo na mtu wa kukusomea kazi ni mzigo.

Kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kuliko zote mbili. Utafiti wa HOPS ulipitia nyuzi za mraba 100 za ukanda wa galaksi kwa dishi la mita 22 la Mopra, Australia, na baadaye nafasi za maseri zikapimwa upya kwa usahihi zaidi. Matokeo ya 2014 yalitoa vituo 631 vya maseri ya maji: 433 vya nyota zinazozaliwa, 121 vya nyota kongwe, na 77 ambavyo havikutambulika ni vya nani. Kuvibaini si rahisi, kwa sababu kuna nyota kongwe zinazojifanya changa. W43A ni mojawapo: inazeeka, lakini maseri yake ya maji yamo kwenye jeti nyembamba zinazokwenda kasi ya kilomita 145 hivi kwa sekunde, na jeti hizo zinayumba kama pia inayozunguka. Ukiitazama spektra yake peke yake ungeapa ni mtoto.

Kazi ya kuamua inafanyika mezani. Unachukua nafasi ya kila kituo, unaitafuta kwenye katalogi za infraredi za setilaiti ya WISE na darubini ya Spitzer, unaangalia kama kuna nukta moja nyekundu iliyo peke yake au wingu lenye jamaa wengi, unaulizia kama methanoli ya 6.7 imeonekana hapo, maana ikiwapo mjadala umekwisha. Halafu unaangalia haidroksili ya 1612 yenye vilele viwili, ambayo ni dalili ya mzee. Katalogi zote hizo ni za bure, na faili lake kubwa kuliko yote ni dogo kuliko filamu moja.